Udugu Uliokuja na Vifaru

Babu alikuwa akianika betri. Betri sita za redio, kila asubuhi, juu ya bati la banda la kuku, zimelazwa mstari mmoja ili jua la Tanga lizirudishie nguvu kidogo ya kutosha saa moja ya jioni. Bibi ndiye aliyepewa kazi ya kuzigeuza adhuhuri, naye alizigeuza kwa hasira ile ile anayogeuzia makopa, maana pesa ya betri mpya ilikuwa pesa ya kitoweo na babu hakuwa anaona tabu kuchagua. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Kwake redio haikuwa ya muziki. Aliyetaka taarab alikwenda kwa jirani.

Mimi sikuwepo. Nasimulia kama nilivyosimuliwa na baba mdogo, ambaye mwaka 1968 alikuwa na miaka 12 na kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mkorosho ameshika waya wa antena, akiamrishwa kutoka chini: sogea, rudi, hapo hapo, usipumue.

Kwenye masafa mafupi enzi hizo, mzee wa Tanga aliyekuwa na Kiingereza cha kuandikia hesabu za katani tu aliipata dunia nzima kwa Kiswahili. London, yaani BBC, ilikuwepo tangu 1957. Cairo iliitangulia. Moscow, Peking (Beijing ya leo), Sauti ya Amerika, Sauti ya Ujerumani kutoka Cologne, wote walikuwa na mtu wa kuwaamkia wasikilizaji kwa lugha yetu, tena mara nyingi mtu wa kwetu kabisa, kaajiriwa huko kutusomea. Kijana akiniambia leo kwamba intaneti ndiyo iliyotuonyesha habari moja ikisemwa kwa namna tano, huwa namtazama tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw, umoja wa kijeshi wa Moscow na washirika wake, yaliingia Chekoslovakia, ambayo leo ni nchi mbili, Cheki na Slovakia. Muungano wa Kisovieti, Poland, Hungaria na Bulgaria ziliingiza askari; Ujerumani Mashariki ilitajwa kuwamo, ingawa vikosi vyake vikubwa vilizuiwa mpakani dakika za mwisho, pengine kwa sababu mtu mmoja Moscow alikumbuka kwamba buti za Kijerumani kwenye barabara za Prague, mji mkuu, zingewakumbusha watu mwaka 1939, Hitler alipoiteka. Wimbi la kwanza lilikuwa askari wapatao 200,000 na vifaru wapata 2,000. Uwanja wa ndege wa Prague ulitekwa usiku huo huo. Watu walilala nchi yao ni yao, wakaamka kuna mtutu chini ya dirisha.

Kosa lao lilikuwa nini? Januari mwaka ule chama cha kikomunisti kilimpata kiongozi mpya, Alexander Dubček, Mslovakia mpole, mrefu, mwenye tabasamu la mwalimu wa shule ya msingi. Hakutaka kuuzika ujamaa. Alitaka, kwa maneno yaliyokuja kujulikana kote, ujamaa wenye sura ya utu. Sheria ya kukagua magazeti ikafutwa mwezi Juni. Waliofungwa kwa kesi za kubuni miaka ya hamsini wakaanza kusafishwa majina. Akaapa mara nyingi kwamba nchi haitoki kwenye Mkataba wa Warsaw, na nadhani alimaanisha. Lakini Leonid Brezhnev, mkuu wa Muungano wa Kisovieti, na wenzake hawakuwa wakiogopa kifaru cha Dubček, waliogopa magazeti yake. Gazeti huvuka mpaka bila pasipoti, na Ukraine ya Kisovieti ilikuwa jirani.

Jioni ile babu alianza na Moscow. Moscow ilikuwa na neno moja lililorudiwa mpaka baba mdogo akalisikia kule juu mtini: msaada wa kindugu. Viongozi wa chama na serikali wa Chekoslovakia wameomba msaada wa haraka, na ndugu wameitika. Akageuza kwenda London. London ikasema redio ya Prague yenyewe imetangaza usiku ule tamko la uongozi wa chama kwamba majeshi yameingia bila rais kujua, bila waziri mkuu kujua, bila katibu wa kwanza wa chama kujua.

Babu alizima redio kabla betri hazijaisha, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akamwambia bibi, "Ndugu aliyealikwa huja mchana, na hupiga hodi."

Ukikulia Tanzania huwezi kulipita neno hilo hivi hivi. Sisi "ndugu" tulilifanya cheo. Ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, ndugu wananchi. Ni neno la kitovu kimoja na ni neno la chama, na zile herufi tano hazikwambii unaitwa kwa maana ipi. Kwa hiyo mzee aliyekuwa na kadi ya TANU mfukoni alipolisikia limepakiwa kwenye kifaru, lilimuwasha mahali ambapo pengine halikumuwasha msikilizaji wa London.

Na mwaliko ulikuwepo kweli. Hili lilikuja kujulikana baadaye sana. Wakubwa watano wa chama waliompinga Dubček, Vasil Biľak mmojawapo, walimwandikia Brezhnev barua, kwa Kirusi, kumwomba aingilie kati kwa kila njia aliyonayo. Kwa maelezo ya Petro Shelest, bosi wa chama wa Ukraine, barua hiyo ilikabidhiwa kwa mtu wa KGB, majasusi wa Kisovieti, chooni, kwenye mkutano wa Bratislava mwanzoni mwa Agosti, wakati nje watu wakikumbatiana mbele ya kamera. Ikafungiwa Moscow kwenye bahasha ya siri mpaka mwaka 1992, Rais Boris Yeltsin wa Urusi alipoikabidhi Prague. Ndiyo hodi yenyewe hiyo: imepigwa mlango wa choo.

New York, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikaa siku hiyo hiyo ya tarehe 21. Yakov Malik wa Muungano wa Kisovieti akarudia udugu wake. George Ball wa Marekani akamjibu kwamba huo ni udugu wa Kaini kwa Habili, na mimi naamini lilikuwa jibu zuri kuliko yote ya juma lile, ingawa mwenye kulitoa alikuwa na majeshi ya nchi yake zaidi ya nusu milioni kule Vietnam na hakuna aliyemwomba aeleze udugu wa huko. Azimio la kulaani uvamizi likapata kura 10. Mbili zikapinga, Moscow na Hungaria. Tatu hazikuegemea popote: India, Algeria na Pakistan. Senegal ilikuwa miongoni mwa waliolileta azimio, Ethiopia ikalipigia kura ya ndiyo. Halafu Moscow ikatumia kura yake ya turufu, ile veto, na karatasi ikafa.

Hapa nataka kukaa kidogo. Nimesoma matamko ya nchi mbalimbali ya Agosti ile kwa miaka mingi, ni ugonjwa nilioachiwa na babu bila redio yake, na kila nikisoma naona kitu kile kile: karibu kila mtu aliitazama Prague akasema habari za nyumbani kwake.

Mchukue Nicolae Ceaușescu, kiongozi wa Romania. Romania ilikuwa ndani ya Mkataba wa Warsaw lakini ikakataa kupeleka askari hata mmoja, na tarehe 21 alisimama kwenye roshani Bucharest mbele ya umati mkubwa akauita uvamizi ule kosa kubwa na aibu. Watu walilia kwa fahari. Wengine waliojiunga na chama siku zile walijiunga kwa sababu ya hotuba ile. Je, alimpenda Dubček? Magazeti huru hakuyataka hata kwa kuyaota, na miaka iliyofuata iliwaonyesha Waromania hivyo kwa uchungu. Alichokiona ni kwamba kifaru kikishajua njia ya Prague, njia ya Bucharest si mbali.

Peking nayo. Kwenye karamu ya ubalozi wa Romania tarehe 23 Agosti, Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, aliwalaani Warusi kwa maneno makali kuliko ya Mmarekani yeyote, akawaita mabeberu wa kijamaa. Lakini Dubček kwao alikuwa msaliti pia, mrekebishaji, yaani mpotoshaji wa ukomunisti, aliyezidi hata warekebishaji wa Moscow. Baba mdogo anasema babu alipata shida sana na Peking usiku ule. Alishindwa kujua wanamtetea nani. Hawakuwa wanamtetea mtu.

Fidel Castro ndiye aliyewashangaza watu. Kuba ilikuwa kisiwa kidogo kando ya jitu lenye kiburi; kama kuna mtu angepaswa kuwaka moto kwa ajili ya nchi ndogo ni yeye. Tarehe 23 alitoa hotuba ndefu akakiri waziwazi kwamba kisheria uvamizi ule hauwezi kutetewa, kwamba uhuru wa nchi umevunjwa. Kisha akauunga mkono, kwa hoja kwamba Chekoslovakia ilikuwa inateleza kuelekea ubepari. Nimeisoma hotuba hiyo mara kadhaa na bado naona ndiyo ya kweli kuliko nyingi, kwa maana ya kwamba mtu anakuonyesha bei aliyokubali kulipa. Mafuta ya Kuba yalitoka Muungano wa Kisovieti.

Washington habari ilifika kwa heshima zote. Balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, alikwenda Ikulu jioni ya tarehe 20 kumsomea Rais Lyndon Johnson ujumbe. Johnson kesho yake alikuwa atangaze safari ya kukutana na wakubwa wa Kisovieti. Safari ikafutwa, maneno makali yakatolewa, na hapo ndipo pakaishia. Ulaya ilikuwa imegawanywa kama shamba la urithi na hakuna aliyekuwa tayari kuvuka kigingi. Michel Debré, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alilichukulia jambo zima kama ajali ya njiani. Ajali! Uingereza ikaliita Bunge kutoka likizoni, likajadili, likarudi likizoni.

India ya Indira Gandhi haikupiga kura, kwa sababu tunazozijua za silaha za Moscow na jirani Pakistan. Lakini waziri wake mmoja, Asoka Mehta, alijiuzulu kwa hilo. Huyo namtaja kwa sababu ni wachache sana walioacha gari la serikali kwa ajili ya Prague.

Vyama vya kikomunisti vya Italia na Ufaransa vilikataa. Hilo liliiuma Moscow kuliko turufu kumi, maana vilikuwa vyama vikubwa, vyenye wapiga kura mamilioni, na havikuwahi kuipinga hadharani kwa jambo zito kama hilo. Albania ikajitoa kabisa kwenye Mkataba wa Warsaw mwezi Septemba.

Na sisi? Tanzania ililaani, tena bila kutafuna maneno, na vijana wakaandamana Dar es Salaam hadi ubalozi wa Kisovieti. Wapo wanaosema ilikuwa rahisi: rafiki yetu mkubwa alikuwa China, mazungumzo ya reli ya kwenda Zambia yalikwishaanza, na kumtukana Mrusi kulimfurahisha Mchina. Sikatai kwamba haikuharibu. Lakini mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alikuwa amekwishaiambia Ujerumani Magharibi ichukue misaada yake yote ilipojaribu kutuchagulia tuwe na uhusiano gani na Ujerumani Mashariki. Desemba mwaka huo huo alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa mamilioni ukapotea. Nchi isiyo na kifaru cha maana hukaa na silaha moja tu, nayo ni ile kanuni kwamba mkubwa haingii kwa mdogo bila ruhusa. Ukinyamaza inapovunjwa Prague, utaidai kwa mdomo gani Dar es Salaam?

Nasema hivyo, halafu nakumbuka Kongwa. Kule Dodoma walikuwepo wapiganaji wa Afrika Kusini, wa Msumbiji, wa Namibia, wengi wao wakitegemea bunduki zilizotoka Moscow, zikipitia bandari yetu. Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini kiliunga mkono uvamizi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikihukumu vikali kwa hilo, kwa ujasiri wa mtu anayelala kwenye bweni lenye maji na umeme. Siku hizi nashindwa. Mtu ambaye nchi yake imeibwa, na mmoja tu ndiye anayempa bunduki, ukamwambia amlaani huyo mmoja kwa ajili ya watu wa mbali ambao weupe wao ni sawa na wa waliomwibia... Sisemi alikuwa sahihi. Nasema tu kwamba swali lake halikuwa langu.

Zanzibar nako kulikuwa na la kwake. Ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, mwaka 1964, na wahandisi wa Kijerumani wakaja wakajenga maghorofa Kikwajuni na Kilimani. Nina shangazi anaishi kwenye mojawapo. Ngazi imeliwa na chumvi lakini ukuta haujatikisika. Udugu ule ule, huku umeleta saruji.

Waliolipa kwa mali yao wenyewe walikuwa wanane. Jumapili tarehe 25 Agosti, saa sita mchana, watu wanane waliketi kwenye Uwanja Mwekundu, Moscow, wakafunua vitambaa walivyoviandika. Kimoja kilisema kwa ajili ya uhuru wenu na wetu. Mshairi Natalya Gorbanevskaya alikuja na kigari cha mtoto, na mtoto ndani, wa miezi mitatu hivi. Bendera ndogo ya Chekoslovakia ilikuwa imefichwa humo. Haikuchukua dakika nyingi kabla watu wa usalama hawajawarukia. Viktor Fainberg aling'olewa meno, na kwa kuwa mtu asiye na meno haonekani vizuri kizimbani, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Wengine walifungwa au kupelekwa uhamishoni. Kijana wa kike mmoja aliokoka kwa sababu wenzake walishikilia kwamba alikuwa mpita njia. Hiki ndicho kipande ninachokirudia: nchi kubwa zilijadili kwenye kumbi, na mama mmoja akasukuma kigari.

Siku mbili baadaye yakaisha. Dubček na wenzake walikuwa wamechukuliwa mateka, wakapelekwa Moscow, na tarehe 26 wakatia saini itifaki ya kukubali majeshi yabaki. Mmoja alikataa, František Kriegel, daktari mzee aliyetibu majeruhi vita vya Hispania na China. Warusi walitaka wabaki naye. Wenzake wakagoma kupanda ndege bila yeye. Tarehe 27 Chekoslovakia yenyewe ikaomba suala lake liondolewe kwenye ajenda ya Baraza la Usalama. Aliyevamiwa ndiye aliyelazimishwa kuwaambia watu waliokuja kumtetea warudi makwao. Babu, kwa simulizi za baba mdogo, aliisikia habari hiyo kutoka London, akageuza kisahani kutafuta habari za vita vya Biafra, kule Nigeria.

Oktoba ilikuja Olimpiki ya Mexico. Watanzania tunaikumbuka kwa John Stephen Akhwari, goti limefungwa bandeji, akimaliza marathoni gizani. Wacheki wanamkumbuka Věra Čáslavská, mwanamichezo wa jimnastiki aliyejificha milimani baada ya uvamizi, akifanya mazoezi kwa kuning'inia kwenye matawi ya miti na kunyanyua magunia ya viazi. Alipopigiwa wimbo wa taifa wa Kisovieti akiwa jukwaani, aligeuza shingo akatazama pembeni na chini. Basi. Kwa shingo ile alikosa kazi kwa miaka.

Miaka michache iliyopita nilipata kozi ya wiki mbili Prague. Ilikuwa Februari, baridi ile inayokufanya uwachukie watu wote waliokushauri sweta moja linatosha. Jumapili nikapanda hadi juu ya uwanja wa Wenceslas, mbele ya Jumba la Makumbusho la Taifa. Chini, kwenye mawe ya njia, kuna msalaba wa shaba uliovimba kama kitu kinajaribu kutoka ardhini. Ni wa Jan Palach, mwanafunzi wa miaka 20 aliyejichoma moto hapo Januari 1969. Watu wanaupita, wengine wanaukanyaga, kuna aliyeweka mshumaa kwenye kikopo cha kioo na upepo ulikuwa umeuzima.

Nguzo za jumba lenyewe zina mabaka meupe. Askari wa Kisovieti walizimiminia risasi mwaka 1968. Mafundi walipoziba matundu miaka iliyofuata, viraka vilitoka na rangi tofauti na jiwe, na wapo wanaosema walifanya makusudi. Jumba lilipokarabatiwa upya juzijuzi, mabaka mengine yameachwa yaonekane. Nikapanda ngazi nikajaribu kulifikia la chini kabisa. Mkono haukufika.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi jengo la redio, mtaa wa Vinohradská. Asubuhi ile ya Agosti watu walipanga mabasi na malori mbele yake kuzuia vifaru, na zaidi ya kumi wakafa hapo hapo mtaani. Redio ikatekwa. Lakini matangazo hayakunyamaza; kwa siku kadhaa sauti iliendelea kutoka mafichoni, ikiwaambia wananchi wang'oe vibao vya majina ya mitaa ili wageni wapotee, na waliving'oa, nchi nzima, wakiacha vile tu vinavyoelekeza Moscow.

Nilipiga picha ya lile jengo nikamtumia baba mdogo. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, kuku wakisikika nyuma. Kwanza akauliza kama nimevaa vizuri. Halafu akauliza kama Warusi waliwahi kuipata ile redio ya mafichoni ilipokuwa imewekwa.

Nikamwambia haikuwa mahali pamoja. Walitumia mitambo ya viwandani na ya jeshi lao, studio za miji tofauti zikipokezana, huyu dakika chache, yule dakika chache, Mrusi akikaribia huku sauti inaibukia kule.

Alikaa kimya kidogo, nikadhani mtandao umekatika.

"Kumbe na wao," akasema, "walikuwa na mtoto juu ya mkorosho."